Maswali ya Wasomaji: Kulala Hotelini Ughaibuni kwa Safari ya Kikazi

Barua tulizozichagua safari hii zimetoka kwa watu waliotumwa nje ya Uganda na waajiri wao, au waliokwenda wenyewe kutafuta bidhaa na mashine, wakafikia katika hoteli za makampuni makubwa yenye matawi duniani kote. Majina ya waandishi na ya hoteli wanazozilalamikia tumeyaacha kwa makusudi. Tumebakiza kazi wanazofanya na mahali wanapotoka.

Chumba kililipiwa, mbona mshahara wangu ulizuiwa?

Ndugu Mhariri, nilitumwa na kampuni yetu kwenye maonyesho ya biashara huko Dubai. Chumba kililipiwa chote kutoka Kampala kabla sijapanda ndege Entebbe, na karatasi ya uthibitisho nilikuwa nayo. Hata hivyo, mhudumu wa mapokezi aliniomba kadi ya benki, nikampa kadi ya akaunti yangu ya mshahara kwa sababu ndiyo pekee niliyokuwa nayo. Siku ya pili nilipotaka kulipia chakula, kadi ilikataa. Nimerudi nyumbani, wiki imepita, na fedha bado sizioni, ilhali karo ya watoto inadaiwa. Ofisini naambiwa kwamba chumba kililipwa, kwa hiyo mengine hayawahusu. Je, niliibiwa?
Afisa ununuzi, Ntinda, Kampala

Pole sana, ndugu yetu. Hukuibiwa, lakini uliachwa usafiri bila kuelezwa jambo ambalo kila anayepanga safari za wafanyakazi anapaswa kulijua, na hilo ndilo linalotuuma tunapoisoma barua yako.

Kilichofanyika pale mapokezi hakikuwa malipo. Hoteli iliiomba benki yako, kwa njia ya mashine ya kadi, itenge kiasi fulani ambacho hutaweza kukigusa hadi utakapoondoka, ili ukila mgahawani, ukifuliwa nguo, ukichukua kinywaji katika friji ya chumbani au ukiharibu kitu, iwe na mahali pa kujilipa. Fedha zilizotumwa kutoka Kampala zilikuwa za chumba tu na hazikugusa matumizi hayo mengine. Ndiyo maana karatasi yako ya uthibitisho haikukuondolea sharti hilo. Kiasi kinachozuiwa hupangwa na kila hoteli. Ziko zinazotaja kiasi kimoja kwa muda wote wa kukaa, na ziko zinazokizidisha kwa idadi ya siku, na hizi za pili ndizo zinazoweza kumaliza akaunti ya mtu aliyekwenda kwa wiki nzima.

Utaratibu huu uliota mizizi katika nchi ambazo msafiri wa kikazi hutembea na kadi ya mkopo. Kwa mtu wa namna hiyo, kinachozuiwa ni sehemu ya kiwango ambacho benki imekubali kumkopesha, si fedha alizozifanyia kazi, na huenda asitambue kabisa kwamba kuna kitu kimezuiwa. Wengi wetu hapa Uganda tunatumia kadi ya debiti iliyofungamana na akaunti ya mshahara, kwa hiyo kinachozuiwa ni karo yenyewe na kodi ya nyumba yenyewe. Kanuni ni moja kwa wote, lakini uzito wake haulingani, na mwajiri anayesema kuwa hayamhusu anamfanya mfanyakazi wake aikopeshe kampuni bila riba wala makubaliano. Kwa maoni yetu, amana ya hoteli, yaani fedha hizo zinazozuiwa, ni gharama ya safari sawa na nauli ya ndege, na inapaswa kuingizwa katika masurufu kabla mtu hajaondoka.

Njia zipo kadhaa, na zote zinahitaji kuanza mapema. Ya kwanza ni kampuni kutumia kadi yake yenyewe. Kwa kuwa mwenye kadi hatakuwepo, hoteli hutuma fomu ya idhini ambayo mwenye kadi huijaza na kuitia saini, akieleza kama anagharimia chumba na kodi pekee au matumizi yote. Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yenye kazi: fomu ikisema chumba na kodi pekee, utaombwa kadi yako vilevile. Fomu hii ifike siku kadhaa kabla yako, na usiondoke nyumbani kabla hoteli haijakuandikia kwamba imeipokea na kuikubali. Njia ya pili ni kuweka amana ya fedha taslimu, ambayo hoteli nyingi huikubali na nyingine huikataa. Ukiuliza kwa barua pepe utajibiwa kabla ya safari, na ukiuliza ukiwa umesimama mapokezi saa sita za usiku hutakuwa na nguvu ya kuchagua. Ukiweka taslimu, dai risiti, na uiweke kwa sarafu ya nchi hiyo badala ya dola, kwa sababu hoteli nyingi hubadilisha dola kwa kiwango chao wenyewe, ambacho aghalabu si kizuri. Kwa Dubai hesabu ni rahisi: dirham imefungwa na dola kwa kiwango cha 3.6725 tangu 1997, kwa hiyo dola 100 ni dirham 367, na ukipewa 340 utajua mara moja ulichopunjwa.

Ikibidi utumie kadi yako, tenganisha akaunti. Fungua akaunti ndogo ya safari, kampuni iweke humo masurufu pamoja na amana, na kadi ya mshahara ibaki nyumbani au ndani ya begi. Iarifu benki kwamba utakuwa nje ya nchi, kwani benki nyingine hufunga kadi zinapoona matumizi ya ghafla kutoka mbali. Jihadhari pia na kadi za kujazwa fedha kabla ya kutumiwa, kwa kuwa baadhi ya hoteli hukataa kuzuia amana juu yake. Pesa za simu, ambazo hapa kwetu zinalipia kila kitu kuanzia rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai) ya kandokando ya barabara hadi ada ya chuo, usizitegemee kwenye mapokezi ya hoteli za huko.

Siku ya kuondoka, ukiwa na matumizi ya ziada, waombe wayakate kutoka katika fedha zilezile zilizozuiwa. Watu wengi hulipa kwa taslimu au kwa kadi nyingine wakidhani wanarahisisha mambo, kumbe amana inaendelea kushikiliwa huku malipo mapya yamekwisha kutoka, na mtu anarudi nyumbani akiwa amefungiwa fedha mara mbili kwa deni moja. Kama hukutumia chochote, omba karatasi inayoonyesha kwamba amana imeachiliwa, yenye namba ya idhini ya muamala. Karatasi hiyo ndiyo dawa ya hali uliyo nayo sasa. Hoteli ikishaachilia, kinachobaki ni benki yako kuondoa kizuizi, na kazi hiyo huchukua siku chache, wakati mwingine hata wiki mbili au zaidi. Kwa hiyo waandikie hoteli leo uwaombe namba hiyo na tarehe ya kuachiliwa, kisha uende nayo kwenye tawi la benki yako, si kwa simu tu bali kwa barua, uombe kizuizi kiondolewe.

Mawili zaidi kuhusu mashine ya kadi na ankara ya Dubai. Mashine inaweza kukuuliza kama unataka kulipa kwa sarafu ya kwenu au ya nchi uliyomo. Chagua ya nchi uliyomo, kwa sababu ukichagua shilingi, anayebadilisha ni mwenye mashine na huongeza faida yake juu ya kiwango. Na usishangae ukidaiwa ada ya utalii hata kama chumba kimelipiwa: tangu 2014 Dubai hutoza dirham 20 kwa chumba kwa kila usiku katika hoteli ya nyota tano na dirham 15 katika ya nyota nne, na ada hiyo aghalabu hulipwa hotelini. Miji mingi ya Ulaya ina kodi ya namna hiyo kwa viwango vyake. Mwajiri aiweke kwenye bajeti.

Nilifika usiku wa manane nikaambiwa nisubiri hadi alasiri

Ndugu Mhariri, mimi hununua bidhaa China na kuziuza hapa Kikuubo. Nafasi yangu ya hoteli ilionyesha tarehe 13, na ndege ilitua tarehe 13 saa nane za usiku. Nilipofika hotelini nikaambiwa chumba changu hakijaanza, nikae kwenye viti mpaka alasiri au nilipie usiku mmoja zaidi. Nililipa kwa uchungu. Je, walinidhulumu?
Mfanyabiashara, Kikuubo, Kampala

Hapana, mama au baba yetu (barua yako haikutuambia wewe ni yupi). Hesabu ya hoteli hufuata usiku unaolala, na chumba cha tarehe 13 kinaanza kupatikana saa nane au saa tisa alasiri ya siku hiyo. Anayetua usiku wa kuamkia tarehe 13 anahitaji chumba cha usiku ulioanza tarehe 12 jioni, kwa hiyo nafasi yake iandikwe tarehe 12, na hoteli iarifiwe kwa maandishi kwamba atafika baada ya saa sita za usiku. Arifa hiyo ni ya lazima. Asiyetokea kufikia alfajiri huhesabiwa kuwa hakuja. Hutozwa usiku huo, na katika hoteli nyingi siku zote zilizobaki hufutwa, kisha chumba hupewa mtu mwingine. Kwa kuwa safari nyingi za mbali kutoka Entebbe hupitia Addis Ababa, Doha, Dubai au Nairobi, kuchelewa kwa ndege ya kwanza kunatosha kumpotezea mtu chumba mwisho wa safari. Hifadhi namba ya simu ya hoteli na upige ukiwa bado uwanja wa kubadilishia ndege.

Kama bei ya usiku huo wa ziada ni nzito, omba kwa barua pepe kuingia mapema. Wengine hukubali bure vyumba vikiwa vitupu, wengine hutoza nusu, lakini ahadi ya kuingia mapema huwa ya saa za asubuhi, si ya saa nane za usiku.

Jambo tofauti kabisa ni pale unapofika kwa tarehe sahihi, nafasi yako ikiwa na dhamana ya kadi au imelipiwa, ukaambiwa hoteli imejaa. Hoteli huuza vyumba kupita idadi zikitarajia kwamba baadhi ya wageni hawatafika. Katika biashara hii ni desturi kwamba hoteli iliyomkosesha mgeni chumba imtafutie kingine cha hadhi ileile jirani, ilipie usiku wa kwanza na imgharimie usafiri wa kwenda huko. Desturi hii haitangazwi mapokezini, kwa hiyo idai kwa upole lakini waziwazi: waulize wanakupeleka hoteli gani, nani analipa, na gari liko wapi. Usikubali kwenda kujitafutia.

Jina moja mlangoni, huduma mbili tofauti

Mhariri, katika safari ya kuangalia mashine za kiwanda chetu nililala katika miji miwili ya Ulaya, na kote nilichagua hoteli yenye jina lilelile ili nisibahatishe. Ya kwanza ilikuwa safi, yenye meza ya kazi na kifungua kinywa kizuri. Ya pili ilikuwa na chumba kidogo, intaneti dhaifu, na kifungua kinywa kililipiwa pembeni. Nilipolalamikia makao makuu, niliambiwa niwasiliane na hoteli yenyewe. Jina la kampuni lina maana gani basi?
Meneja wa kiwanda cha maziwa, Mbarara

Swali lako ni zito, na wasafiri wengi hawaliulizi mpaka yawafike. Jina lililo juu ya mlango mara nyingi si la mwenye jengo. Kampuni kubwa za hoteli zina njia tatu za kufanya kazi: kumiliki jengo na kuliendesha, kuendesha jengo la mtu mwingine kwa mkataba wa usimamizi, au kumpa mwenye jengo haki ya kutumia jina na mfumo wa kuweka nafasi, naye akawaajiri watu wake mwenyewe na kulipa ada. Njia hii ya tatu ndiyo iliyoyasambaza majina mengi. Kemmons Wilson alipofungua Holiday Inn ya kwanza mjini Memphis, Marekani, mwaka 1952, alikuwa ametoka katika safari ya kifamilia iliyomkera kwa vyumba vichafu na kwa kutozwa ada ya ziada ya watoto. Alitaka msafiri ajue atakachokikuta kabla hajafika. Lakini jina lake lilienea haraka kwa kukodishwa kwa wenye majengo wengine, na tangu hapo ahadi ya jina imekuwa ikitegemea jinsi kila mwenye jengo anavyotekeleza masharti ya mkataba wake.

Mfano tunao hapahapa Kampala. Hoteli ya Sheraton iliyo kilimani juu ya katikati ya jiji ilijulikana zamani kama Apolo Hotel, kisha Kampala International, na jina la Sheraton likaja baadaye. Mwaka 2016 kampuni ya Marriott iliinunua Starwood, iliyokuwa ikimiliki jina la Sheraton, na hivyo mwenye jina akabadilika huko Marekani ilhali kuta, bustani na wafanyakazi wa Kampala walibaki walipo. Mgeni anayelala humo anakutana na jengo na watu, si na kampuni iliyo ng'ambo ya bahari. Mpangilio mwingine tunauona kwa Serena, msururu uliokulia Afrika Mashariki chini ya taasisi za Aga Khan, ambao hoteli yake ya Kampala imesimama palipokuwa Nile Hotel.

Tena, jina moja linaweza kuwa na ngazi kadhaa, na hapo huenda ndipo ulipokwazika. Holiday Inn na Holiday Inn Express si kitu kimoja: ya pili kwa kawaida huingiza kifungua kinywa katika bei na haina mgahawa kamili. Ibis, iliyofungua hoteli yake ya kwanza Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1974, leo ina Ibis, Ibis Styles na Ibis Budget, na tofauti yake huanza kwenye ukubwa wa chumba na kuendelea hadi mezani. Soma jina lote hadi neno la mwisho, kisha soma maoni ya wageni wa miezi ya karibuni kuhusu jengo hilo hilo ukitafuta mambo yanayohusu kazi yako, yaani intaneti, meza, kelele na umbali kutoka kiwandani au ukumbini. Malalamiko nayo uyapeleke kwanza kwa meneja wa zamu ukiwa bado umo ndani, kwani mgeni aliyepo huhamishiwa chumba kingine siku hiyohiyo, wakati aliyekwisha kuondoka hupewa barua ya kuombwa radhi. Makao makuu yafuate baadaye, ukitaja tarehe, namba ya chumba na jina la uliyezungumza naye.

Nasafiri peke yangu kwa mara ya kwanza

Shikamoo Mhariri. Mimi ni msichana, mkaguzi wa hesabu, na ninatumwa Johannesburg kwa juma moja. Mama yangu hana amani kabisa. Naomba ushauri kuhusu usalama wa hotelini.
Mkaguzi wa hesabu, Jinja

Marahaba, binti yetu. Mwambie mama kwamba wasiwasi wake una msingi, na kwamba una mambo ya kuupunguza.

Mwajiri wako na hoteli wapange gari la kukupokea uwanja wa ndege, ukiwa na jina la dereva na namba ya gari kabla hujatua, ili usianze kutafuta teksi ukiwa na mizigo. Mapokezini, namba ya chumba haipaswi kutamkwa kwa sauti. Mhudumu aliyefunzwa huiandika au huionyesha kwa kidole. Akiitamka mbele ya watu, mrudishie kadi na umwombe chumba kingine, na usione haya, maana ombi hilo linaeleweka katika hoteli yoyote ya maana. Bahasha ndogo ya kadi ya mlango huwa imeandikwa namba ya chumba, kwa hiyo iache chumbani na utembee na kadi tupu. Epuka chumba cha chini kabisa chenye dirisha la kufikiwa kutoka nje. Ukiingia, hakikisha dirisha linafunga, na kama kuna mlango wa kuunganisha na chumba cha jirani, ujaribu ili ujue umefungwa kwa ufunguo.

Usiku tumia komeo la ndani pamoja na mnyororo. Mtu akibisha akisema ametumwa kurekebisha bomba au kuleta kitu ambacho hukukiagiza, usimfungulie. Piga simu mapokezi kwa simu ya chumbani uulize kama kweli wamemtuma. Nyuma ya mlango kuna ramani ya njia za dharura. Itazame siku ya kwanza, kisha toka ukahesabu milango kutoka chumbani kwako hadi kwenye ngazi, kwa sababu moto ukitokea taa zinaweza kuzimika na moshi ukaficha maandishi, nawe hutakiwi kuingia kwenye lifti. Hesabu hiyo ifanye katika kila hoteli, hata uwe umezoea kusafiri namna gani.

Kuna moja ambalo tunalisema bila kulizunguka. Kikao cha kazi hakifanyiki chumbani kwa mtu. Mteja au mkubwa wako akipendekeza mkutane chumbani kwake au kwako kwa sababu kuna utulivu, mjibu kwamba utamsubiri ukumbini au mgahawani. Hoteli hizi zina vyumba vya mikutano na kumbi zenye meza, na mwajiri mwenye kumjali binti wa watu huandika sharti hilo katika kanuni za safari, ili asilazimike kulitetea peke yake.

Pasipoti, chakula na kibla

Assalamu alaikum Mhariri. Ninafuata vitambaa Uturuki, na mwaka huu nataka kufika hadi Italia na India. Kwa nini hoteli huchukua pasipoti? Na Mwislamu afanye nini kuhusu chakula na sala katika hoteli hizi?
Mfanyabiashara wa vitambaa, Bombo

Wa alaikum salaam, mzee wetu. Pasipoti huombwa kwa sababu sheria za nchi nyingi zinailazimu hoteli kuwaandikisha wageni. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, zinamtaka mgeni wa kigeni ajaze na kutia saini fomu na kuonyesha pasipoti. Italia hoteli huwapelekea polisi taarifa za wageni ndani ya saa 24, na India huwasilisha fomu ya wageni wa kigeni ndani ya muda huohuo. Kwa hiyo kunakiliwa kwa pasipoti ni jambo la kawaida, bali kubaki nayo hadi utakapoondoka, kana kwamba ni rehani ya deni, usikubali. Subiri hapo mezani mpaka urudishiwe, kisha uiweke kwenye sefu ya chumbani na utembee na nakala, ila katika nchi zinazotaka mgeni awe na pasipoti yenyewe.

Kuhusu kibla, hoteli za Uturuki na za nchi za Ghuba mara nyingi huweka mshale darini au ndani ya droo, na mswala huletwa ukiomba. Kutoka Italia elekea kusini-mashariki. Kutoka India elekea magharibi. Chakula cha asubuhi kinachowekwa mezani watu wajichukulie ndicho chenye utata katika Ulaya, kwa kuwa nyama ya nguruwe hukaa jirani na mayai na koleo huhama kutoka sahani hadi sahani. Mwombe mpishi akukaangie mayai kwenye kikaango safi, wamezoea kuombwa. Waandikie pia mapema waondoe pombe katika friji ya chumbani. Faida yake ni mbili, kwa maana baadhi ya friji hizo zina mtambo unaohesabu kinywaji kikisogezwa tu, na mtu hudaiwa alichokiinua ili akisome.

Umeme wa huko utafaa vifaa vyangu?

Mhariri, plagi zetu zitaingia Marekani na Afrika Kusini?
Fundi wa umeme, Arua

Hazitaingia. Plagi yetu ya pini tatu za mraba inaingia Uingereza, Kenya na Falme za Kiarabu. Kwingineko beba adapta. Marekani tatizo ni kubwa zaidi kwa kuwa umeme wao ni volti 120: chaja iliyoandikwa 100–240 ni salama, lakini pasi au mashine ya kunyolea ya volti 240 pekee haitafanya kazi ipasavyo. Afrika Kusini volti inakaribiana na yetu, ila pini ni za duara na nene.

Wafanyakazi wanarudi bila karatasi zinazokubalika

Ndugu Mhariri, mimi ndiye ninayepokea marejesho ya masurufu katika shirika letu. Wafanyakazi wananiletea kikaratasi cha mashine ya kadi na kusema ndiyo risiti ya hoteli. Mwingine aliambiwa na hoteli kwamba haiwezi kumpa ankara kabisa. Na je, pointi za uanachama wa hoteli ni za mfanyakazi au za shirika?
Mhasibu, Lira

Kikaratasi cha mashine kinathibitisha tu kwamba fedha zilitoka. Hakisemi zilinunua nini. Unachotaka ni ankara ya mwisho yenye jina la mgeni, tarehe za kuingia na kutoka, bei ya kila usiku, kodi iliyotengwa peke yake, na jina la shirika kama mlipaji. Jina hilo la mlipaji liombwe siku ya kuingia, kwani hoteli nyingi zikishafunga hesabu ya mgeni huwa vigumu kubadilisha ankara. Mfanyakazi aombe pia hesabu mbili tangu mwanzo: moja ya chumba, kodi na kifungua kinywa kwa ajili ya shirika, na nyingine ya matumizi yake binafsi. Hilo linakuondolea kazi ya kuchambua mistari ukiwa Lira, naye linamwondolea kuulizwa kuhusu soda.

Aliyenyimwa ankara yaelekea nafasi yake ililipiwa kwa tovuti ya wakala. Hapo fedha ilipokewa na wakala, hoteli haikupokea kitu kutoka kwenu, na ankara ya chumba hutolewa na wakala huyo. Ndiyo sababu moja inayotufanya tupendekeze mashirika yaweke nafasi moja kwa moja hotelini, bei zikikaribiana. Hata mabadiliko ya tarehe huwa mepesi bila mtu wa kati.

Chunga majina. Kwa kuwa kwetu ndugu wa baba mmoja wanaweza kuwa na majina tofauti ya ukoo, na mtu huyohuyo hutanguliza jina hili leo na lile kesho, nafasi huandikwa kwa mpangilio usiofanana na wa pasipoti, ankara ikatoka na jina ambalo mkaguzi halitambui. Andikeni kila kitu kama pasipoti ilivyoandika.

Pointi, kwa kanuni za programu nyingi za uanachama, huingia kwa jina la aliyelala, na mara nyingi haziingii kabisa nafasi ikiwekwa kupitia wakala. Tunaona ni haki mfanyakazi azibakize, kwa kuwa ndiye aliyekosa usingizi wa nyumbani, mradi kanuni zenu zitaje kiwango cha juu cha bei ya chumba ili pasiwe na wa kuchagua hoteli ghali kwa kutafuta pointi. Na wafundishe wote kuomba ankara ya rasimu jioni ya kuamkia siku ya kuondoka, waipitie mstari kwa mstari chumbani, na kurekebisha makosa usiku huohuo kabla gari la uwanja wa ndege halijafika.